Niliandika "aongoke" kwenye bahasha ya misa, rafiki yangu Mwislamu akasikia jina lake likisomwa kanisani

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, na wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili na mwandishi wa mara chache sana. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu kabla ya mavuno, na kila ninayetaka kumweleza naona nitamlazimisha achague upande.

Majina nimeyabadilisha. Mengine yote yamenitokea kama nitakavyoyaeleza, pamoja na yale yanayoniaibisha. Hayo hasa ndiyo nimeamua nisiyapunguze.

Naishi Lipangalala, hapa Ifakara. Umri wangu unakaribia hamsini. Kazi yangu ni masijala, katika ofisi moja ya umma: napokea barua, nazipa namba, naziweka kwenye jalada linalohusika. Kazi hiyo niliisomea chuoni, na kwa miaka yote ya utumishi wangu sijawahi kuweka karatasi mahali pasipo pake.

Naomba mlikumbuke hilo. Litarudi kunicheka.

Ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Jirani yangu, ambaye nitamwita Zuhura, ni Mwislamu wa kuzaliwa. Baba yake alitoka Kondoa akaja kukata miwa upande wa Kidatu, na Zuhura akaolewa huku kwetu. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake Mlabani. Tumepakana uzio kwa miaka kumi na tisa, na katikati ya uzio kuna pengo ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kuliziba. Ndiyo njia yetu.

Kuku wangu wote huchinjwa na mume wake, Baba Rehema, ili mgeni yeyote akija ale bila kuuliza. Wengi wetu huku tunaishi hivyo na hatuoni kama ni jambo la kusimulia.

Dini tulikuwa tunaizungumza kwa utani tu.

Nikimpelekea mboga, atalinusa bakuli kwanza, eti anatafuta nguruwe. "Mama Tumaini, hili halijakaa jirani na kitimoto?"

Nami Ramadhani ikifika humwambia, "Nyinyi mnafunga mchana, jioni mnafungua hoteli."

Tunacheka, tunahamia kwenye bei ya nyanya. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumuuliza anaamini nini hasa, wala yeye hakuniuliza. Nilidhani ule ndio uungwana. Siku hizi nadhani tulikuwa tunaogopa.

Sasa nije kwenye kisa.

Miaka miwili iliyopita mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi, nikamleta kwangu. Mkono wa kulia ulikufa kabisa. Wa kushoto ulitetemeka hata kikombe hakuweza kukishika. Mume wangu alishafariki, wanangu wako vyuoni, na mimi saa moja na nusu asubuhi natakiwa ofisini.

Zuhura hakuombwa. Asubuhi ya pili alipita kwenye pengo akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasema, "Wewe nenda kazini. Cherehani haina miguu, nitaikuta."

Akawa anakuja kila siku ya kazi. Anamwogesha mama, anamlisha uji, anamgeuza ubavu asipate vidonda. Akishamaliza, anakaa naye mpaka jua likianza kuwa kali, ndipo anakwenda Mlabani kufungua kibanda. Hivyo kwa karibu mwaka mzima, mpaka mama alipofariki.

Mama yangu alikuwa mtu wa rozari. Mimi nilisikitika kwamba ugonjwa umemnyang'anya hata punje zake. Siku moja nikamwambia, "Mama, jioni nikusalishe?"

Akanijibu kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, "Nimeshasali asubuhi. Nina msaidizi."

Nilidhani anamsema malaika wake mlinzi. Nikatabasamu, nikaenda kuchemsha maji.

Wakuu, hapa naomba mnisome taratibu kabla hamjanihukumu.

Kadiri Zuhura alivyozidi kuwa mwema, ndivyo mimi nilivyozidi kuogopa. Nilifundishwa dini na mtawa mmoja mkali sana, na kuna mambo ambayo mtu akimezeshwa akiwa na miaka minane hayatoki hata akipata diploma. Namtazama Zuhura anakunja shuka za mama, mara moyo unaniuliza: huyu naye akifa, atakwenda wapi? Nitamkuta?

Swali lilinifuata ofisini. Lilinifuata hadi sokoni, kwenye meza ya samaki nachagua perege. Sikuthubutu kumuuliza padre kwa sababu niliogopa jibu. Kumwambia Zuhura mwenyewe, hilo ndilo sikuliwaza kabisa.

Nikachagua njia ya siri.

Kwa msiojua taratibu zetu: kuna bahasha ndogo ya nia ya misa. Unaandika jina la mwombaji, nia yenyewe na tarehe unayoitaka, unamkabidhi katekista, yule msaidizi wa padre. Kwenye misa kubwa katekista husoma nia kwa sauti, kanisa zima likasikia. Lakini kwenye kigango chetu, kanisa dogo la mtaani, kuna misa ya Jumatatu alfajiri, yenye waumini wasiozidi kumi na watano, na hiyo nia zake hazisomwi. Padre anataja tu kwa jumla nia za walioomba, basi, anaendelea.

Kila mwezi nilipeleka bahasha ya Jumatatu. Nia: *Zuhura, jirani yangu, ili aongoke.*

Aongoke. Kwetu sisi neno hilo likisemwa juu ya mtu wa imani nyingine lina maana moja tu: aiache njia aliyonayo, aje kwenye yetu. Nililiandika kwa upendo, na nalisema hilo bila kujitetea. Nililiandika pia kwa hofu, na nadhani hofu ndiyo iliyokuwa imeshika kalamu.

Mama alipofariki sikuacha. Niliendelea mwaka mzima.

Ikafika misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba kaburini. Tuliipanga Jumamosi. Alhamisi ile, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa kwenye meza yangu ya masijala nikaandika bahasha mbili: ya mama kwa Jumamosi, na ile ya mwezi ya Zuhura. Simu inaita, ndugu wa Mahenge wanauliza watalala wapi, mkuu wangu anataka jalada. Nikazifunga zote mbili, na nikitoka kazini nikazipeleka kwa katekista.

Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa walikuwa kwangu tangu mapema. Shughuli zote zilizopita, Zuhura ndiye mkuu wa jiko. Sisi tukienda kanisani yeye hubaki na masufuria. Safari hii nilimkuta ameshaoga, amevaa gauni lake jeusi na mtandio wa rangi ya maziwa.

"Masufuria nimewaachia wenzangu," akasema. "Leo naingia. Nitakaa nyuma kabisa, nisije nikasimama wakati nyinyi mnapiga magoti. Yule mama alikuwa wangu pia."

Nilifurahi. Na nitakiri kwenu kwamba furaha yangu haikuwa safi. Moyoni nilisema: zile Jumatatu zimeanza kujibiwa.

Nyuma hakukaa. Mama yangu mdogo alimshika mkono mlangoni. "Wewe uliyemwogesha dada yangu ukae nyuma? Haiwezekani." Akamkalisha benchi la kwanza, la wafiwa, kati yake na mimi.

Katekista akasimama, akakohoa, akashika bahasha.

"Misa hii inaombwa na Mama Tumaini wa Lipangalala, kumwombea marehemu mama yake apate pumziko la milele."

Nikainamisha kichwa. Kisha nikasikia karatasi ya pili.

"Vilevile Mama Tumaini anamwombea Zuhura, jirani yake, ili aongoke."

Zuhura alikuwa anarekebisha mtandio wake begani. Mkono ulisimama pale pale. Hakunitazama. Mama mdogo alijifanya anatafuta leso. Nyuma yetu nilisikia mabenchi yakilia, ule mlio wa watu wanaogeukiana.

Hakutoka. Ningeomba atoke, ningepata pa kumfuata. Alikaa misa nzima. Tuliposimama alisimama, tulipopiga magoti alikaa ametulia na mikono mapajani, macho kwenye sakafu. Makaburini alikuja. Nyumbani alirudi kwenye masufuria, akapakua wali wa watu wote.

Zamu yangu ilipofika alinipa sahani kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, mama."

Sio Mama Tumaini. Sio utani wa kitimoto. "Mama" tu, kama anavyowaita wateja wasiojulikana wanaoleta sketi kupunguzwa.

Kana kwamba hilo halitoshi, mfanyakazi mwenzangu ambaye ni mlokole, tumwite Mama Eliya, alinivuta pembeni na macho yanang'aa. "Dada, leo umeupiga mwingi! Ukweli umesemwa hadharani, tena madhabahuni. Usirudi nyuma hata hatua moja."

Wali ule sikuuweza. Nilimsubiri Zuhura ageuke, nikaurudisha jikoni.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kusoma dalili.

Jumapili niliona khanga imeanikwa juu ya lile pengo la uzio. Nikajiambia, anakausha nguo, jua lipo upande ule. Jumatatu ilikuwa bado pale. Nilisimama nikaigusa nikitaka kwenda kazini. Ilishakauka zamani.

Nikamtumia ujumbe: "Umeamkaje, jirani?" Tiki mbili zikageuka bluu upesi. Jibu likaja saa nne asubuhi: "Salama, alhamdulillahi." Basi. Huyu ni mtu ambaye kwa kawaida hunitumia voice note ya dakika tatu kunieleza jinsi mteja alivyonenepa na kulaumu fundi.

Nikawa napima harufu ya moshi wa jiko lake. Nikimsikia anacheka na binti yake Rehema, nahisi nachekwa. Nikisikia kimya, naogopa zaidi. Kichwani nilishamwona akihama, nikawaona wapangaji wapya, nikawaza nitawaelezaje wanangu wanaomwita mama mkubwa.

Na hasira zangu zote nikazitua kwa katekista. Jumanne nikitoka kazini nilikwenda kwake moja kwa moja.

"Baba Katekista, ile nia ilikuwa ya Jumatatu alfajiri. Miezi yote unajua ni ya Jumatatu. Imekuwaje uisome kwenye kumbukumbu ya mama yangu, mbele ya mwenyewe?"

Ni mzee mtaratibu. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, humo ndimo anamotunza bahasha zilizotumika. Akapekua, akatoa mbili, akaziweka juu ya meza.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Ulikuwa wangu. Na kwenye bahasha zote mbili, kwa wino uleule wa ofisi, nilikuwa nimeandika tarehe moja. Ya Jumamosi.

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mama," akasema. "Siku nikianza kuchagua nia ya kusoma na ya kuacha, watanivalisha kanzu ya padre." Kisha akaongeza jambo ambalo lilinimaliza. "Na mimi nilidhani mmekubaliana. Nilipomwona amekaa benchi la mbele nikasema moyoni, dada wa watu amekuja mwenyewe kuombewa."

Miaka yote ya masijala bila kosa. Karatasi moja tu nimeikosea jalada maishani, na ikawa hiyo.

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyebeba ndoo imejaa. Nilijaribu kuandika barua ya kuomba radhi. Nilipoisoma nikaona nimeweka "Yah:" juu na aya zenye namba, kama namwandikia mkurugenzi. Nikaichana. Ya pili ilikuwa inaeleza tarehe ilivyokosewa, mwanzo mpaka mwisho. Nikaishika mkononi kwa muda mrefu, ndipo nikaelewa kwamba barua nzima naomba radhi kwa tarehe. Lile neno nimeliruka.

Nayo pia nikaichana.

Mimi na Zuhura tuna vipande vya mpunga vinavyopakana Katindiuka. Ulikuwa msimu wa kwelea kwelea, ndege wale wadogo wakitua kundi moja unahesabu hasara. Huwa tunapokezana zamu kwenye kichanja kimoja cha kuamia ndege, na kamba yenye makopo imepita mashamba yote mawili. Jumamosi ilikuwa zamu yake. Nikapanda baiskeli nikamfuata.

Alikuwa juu ya kichanja, kamba mkononi. Aliniona nikitokea mbali, akaendelea kutazama mpunga. Nilipofika chini nikasimama kama mwanafunzi.

"Panda," akasema. "Ukisimama hapo unanizibia upande wa kwako."

Nikapanda. Tukakaa, kamba katikati yetu.

"Zuhura, nisamehe."

"Kwa lipi?" Hakugeuka. "Taja, nisije nikasamehe kingine."

"Kwa kusomwa mbele za watu. Tarehe nili..."

"Tarehe nimeshaisikia. Katekista amemwambia Baba Rehema. Mimi siulizi tarehe." Akavuta kamba, makopo yakalia, wingu la ndege likainuka na kutua mbele kidogo. "Nauliza umeanza lini."

"Mama alipokuwa mgonjwa."

Hapo akageuka.

"Yaani asubuhi namwogesha mama yako, wewe unakwenda kuniandika kwamba nimepotea? Nakamua nguo zake, unaniona mtu wa motoni?"

"Sikukuona hivyo."

"Uliniona vipi? Sema, Mama Tumaini. Leo hakuna kucheka."

Wakuu, nimewahi kuhojiwa na wakaguzi wa serikali. Maswali yao yalikuwa mepesi kuliko lile.

Nikamwambia ukweli. "Nilikuona mtu ambaye naogopa nisije nikamkosa huko tunakokwenda. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyoogopa. Nilidhani nikiomba kwa siri, hofu itapungua. Haikupungua."

Akageukia mpunga. Ndege wakarudi. Tukajikuta tumeinuka wote wawili, tunapiga makofi na kupaza sauti, "Haaya! Haaya!", wanawake wawili wazima wamenuniana wanafukuza ndege kwa pamoja. Walipoondoka tukakaa tena tunahema.

"Kwa hiyo wewe," akasema taratibu, "umeshajihakikishia kwamba utafika."

Hapo alinishika. Miezi yote ile ya hofu, kwenye picha niliyokuwa naichora kichwani, mimi nilikuwa tayari nimekaa upande wa pili nikimsubiri. Sikuwahi kuweka bahasha ya kuniombea mimi mwenyewe.

"Unadhani mimi sikuombei?" akaendelea. "Nakuombea, tena kwa neno hilohilo. Ila mimi namwambia Mungu. Wewe umemwambia katekista."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake haucheki, nikameza.

"Neno lenyewe si tusi," akasema. "Mimi kila siku, kila swala, naomba niongozwe. Naomba kwa ajili yetu sote, na mimi nimo. Kilichoniuma ni kujikuta nimo peke yangu humo ndani, na wewe umekaa pembeni unaniangalia."

Upepo ukapita kwenye mpunga. Akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kikombe cha kwanza, akakishika bila kunywa.

"Na mimi nina langu," akasema, sauti imeshuka. "Kwa karibu miaka miwili nimelibeba. Hata Baba Rehema hajui."

Nikamsogelea.

"Mama yako alikuwa anasali rozari asubuhi. Mkono umekufa, huu mwingine unatetemeka, punje zinamponyoka, analia. Siku moja nikamwambia, mama, nipe mimi nizisogeze, wewe sali. Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Yeye akimaliza moja ananikonyeza jicho, nami nasogeza punje. Mkono wangu, mdomo wake. Sikutamka neno hata moja, namwambia Mungu hivyo kila siku, sikutamka. Lakini mkono ulisogeza. Nimetaka kumuuliza shehe kama nimekosea, nafika mlangoni narudi. Naogopa asije akasema ndiyo. Na akisema ndiyo, naogopa kwamba kwa yule mama ningefanya tena."

*Nina msaidizi.*

Nililia, wakuu. Sio kilio cha heshima. Nililia mpaka Zuhura akaniwekea kikombe cha chai mkononi na kunifunga vidole juu yake kama alivyokuwa akimfanyia mama.

Mimi nilikuwa natetemeka kwa ajili ya roho yake, kumbe yeye ameihatarisha, kwa jinsi anavyoamini yeye, ili mama yangu apate sala zake. Na alikuwa anaogopa peke yake, umbali wa uzio mmoja kutoka kwangu.

Tuliongea mpaka jua likasogea. Kwa mara ya kwanza tuliulizana. Aliniuliza kama kweli tunaamini tunachokila pale altareni ni mwili, na nikamjibu ndiyo, na hakucheka ingawa nilimwona amejizuia. Nilimuuliza anapata wapi nguvu ya kuamka alfajiri kila siku bila kengele ya kanisa, akasema nguvu hana, ana mazoea, na kuna siku mazoea ndiyo imani yenyewe. Mengine hatukukubaliana, na hatutakubaliana. Tulipofika kwenye jina la Yesu, kila mmoja alisema lake, tukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kigumu, lakini hakuna aliyeshuka kichanjani.

Wakati wa kuondoka nikamwambia, "Nitaacha zile bahasha."

"Nani kakwambia uache?" akasema. "Mtu anaombewa bure halafu akatae? Ila kabla hujaifunga, ilete niisome."

"Na dua zako, nami utanisomea?"

"Zangu haziandikwi," akasema, na hapo ndipo nilipomwona anatabasamu mara ya kwanza tangu kanisani. "Wenzako hatuna masijala."

Kesho yake asubuhi ile khanga haikuwepo kwenye pengo.

Nisiwadanganye kwamba yamekwisha kabisa. Kanisani kuna wanaonitazama kama niliyeanza vizuri nikalegea. Mama Eliya amepunguza salamu. Mlabani kuna mteja wa Zuhura aliyemuuliza kwa kejeli amebatizwa lini, na ingawa alinisimulia kama kichekesho, niliona jinsi sindano ilivyomponyoka. Na hofu yangu haijahama. Bado mimi ni Mkatoliki, bado naamini ninachoamini, na bado kuna asubuhi naamka na swali lilelile. Tofauti ni kwamba sasa ninapowaza nani atafika huko, najiweka na mimi kwenye swali.

Mwezi uliofuata niliandika bahasha, nikapita nayo kwenye pengo kabla ya kuifunga. Zuhura alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akaweka chini, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ndogo: "*Zuhura na mimi, ili tuongoke.*"

Akaisoma mara ya pili.

"Sawa," akasema. "Ila anza na wewe."

Nikakata, nikaandika upya palepale juu ya meza yake: *Mimi na Zuhura, ili tuongoke.*

Akaniuliza bila kuinua macho, "Na tarehe?"

"Jumatatu."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaigeuza bahasha, akalamba gundi, akaifunga mwenyewe.

Wakuu, nililojifunza si kwamba dini zote ni sawa; sisemi hivyo, na Zuhura angekuwa wa kwanza kunikatalia. Nililojifunza ni dogo kuliko hilo. Kama kuna jambo unamwombea rafiki yako ambalo huwezi kumwambia usoni, jiulize kwanza kwa nini huwezi. Mimi nilichelewa kujiuliza, nikamwachia katekista aniulizie mbele ya kanisa zima.

Nanyi mlio na marafiki au wenza wa imani nyingine, mnaombeana kwa neno gani, na wenyewe wanalijua? Nitasoma kila mchango. Wa kunisema vibaya nao waje, ila Zuhura ameshaomba kiungo cha uzi huu, kwa hiyo andikeni mkijua kwamba naye anawasoma.